Anti, mkataba mpya una Jumamosi ndani, na Jumamosi ndo siku yangu ya kamera

Shikamoo Anti. Naomba usiandike jina, sema tu msomaji wa Mwanza, maana wifi zangu wote wanakusoma na nikijulikana itakuwa kesi.

Mi ni mama wa watoto 2, nina miaka 33, naishi upande wa Buswelu. Ni karani wa fedha kwenye shule moja ya binafsi, napokea ada, nakata risiti, nabishana na wazazi wanaosema walishalipa wakati hawajalipa. Makato yakitoka nabaki na 480,000. Siyo nyingi ila tarehe 28 inaingia, na we mwenyewe unajua mjini hapa ni wangapi hawana hata hiyo. Mume wangu ni fundi seremala ana kibanda chake, kuna mwezi anapiga vitanda sita na kuna mwezi anapiga stori.

Shida yangu ilianzia msibani. Baba alifariki 2021, tukatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza tukakuta hamna. Yani mzee wa miaka 68, kalea watoto 7, hana picha hata moja ya peke yake. Ikabidi ichukuliwe ile ya kitambulisho cha taifa, kaka akaipeleka stationari ikavutwa mpaka sura ikawa madoadoa kama imenyunyiziwa unga, na yale macho ya mtu aliyeambiwa usicheke. Ndo iko ukutani kwa mama mpaka leo. Kila nikienda naiangalia nasema huyu siyo baba. Baba alikuwa anacheka na bega Anti, bega linatangulia kupanda alafu ndo mdomo unafuata. Lile bega hamna mtu aliyelipiga.

Mwaka uliofuata zamu yangu ya kikoba ikafika nikanunua kamera ya mtumba kwa laki 9, Canon, na lenzi yake ya kawaida, baadae nikaongeza ile ndogo ya 50 wanayosema kila mtu aanze nayo. Nimejifunzia YouTube usiku watoto wakiwa wamelala. Jumamosi naamka saa kumi na moja nachukua bodaboda mpaka Igombe mwaloni, nawakuta wamama wa dagaa. Kama hujawahi kufika pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku za giza, zile ambazo mwezi haupo na mitumbwi imekesha ziwani na taa zao ikarudi imejaa, basi nenda siku moja. Jua linatokea chini chini, dagaa wamemwagwa juu ya nyavu wanawaka kama bati jipya, wamama wameinama wanageuza, yangeyange wamejipanga pembeni wanasubiri kuiba. Pale sikumbuki ada ya mtu wala deni langu. Nikirudi saa tatu mume wangu ananiambia una uso wa mtu aliyetoka kanisani.

Nina picha zaidi ya elfu 6 za kule kwenye laptopu. Ninazo na za Kigongo, miezi ya mwisho ya kivuko kabla daraja halijafunguliwa 2025, wale wa mahindi ya kuchoma na mayai na karanga waliokuwa wanakimbilia madirisha ya mabasi. Saizi gari zinapita juu hazina habari, ukishuka pale chini ni kimya. Nikiziangalia naona kama kuna kitu nimekiwahi, sijui kama naeleweka.

Pale Igombe kuna mama mmoja ndo mwenyeji wangu, ananiita Mpiga. Siku za mwanzo wenzake walikuwa hawanitaki, yeye ndo aliwaambia muacheni huyu mtoto. Nimempiga sana, ana sura ambayo kamera inaipenda sijui kwanini. Kila nikienda ananiuliza, we Mpiga picha yangu iko wapi, namwambia inakuja mama, maana kiukweli sijachagua bado ipi ni kali zaidi, nataka moja niikuze hasa siku nikipata maonyesho.

Sasa Anti mkataba wangu wa kazi unaisha mwezi wa 12 na bosi anataka nisaini mwingine wa miaka 2, na huo mpya una Jumamosi ndani, saa mbili mpaka saa saba. Wakati huohuo kuna kaka nilisoma nae ana studio Nyakato, anataka tuungane, niweke milioni 2 na nusu tuwe nusu kwa nusu, tupige harusi, sendofu, vipaimara, mahafali na picha za pasipoti. Anasema mwanamke mpiga picha ni dili, mabibi harusi wanapenda.

Ila mi harusi nimeshapiga 5 na sizipendi, nisikufiche. MC anapiga kelele, shangazi anakuvuta mkono njoo huku tupige na keki, kamati inakukimbiza, alafu bi harusi anakutumia meseji saa sita usiku anataka umng'arishe awe mweupe kuliko alivyozaliwa. Nikimaliza nahisi nimekodisha macho yangu. Na kuna mmoja ananidai albamu huku yeye namdai 150,000, kila siku anaangalia stetasi zangu na kunisalimia vizuri kabisa.

Kingine, mwezi uliopita kijana mmoja pale mwaloni alinirushia neno, sista unatupiga tukiwa hivi hivi ukauze umaskini wetu kwa wazungu? Nikacheka. Lakini usiku sikulala.

Mama anasema picha hazipikwi. Mume nikimuuliza anasema amua wewe, na hiyo ndo inaniuma zaidi, bora angekataa. Akiba yangu kwenye kikoba ni milioni 1.8. Nisaini? Niingie studio? Au niache vyote nijitose kwenye picha zangu mwenyewe, maana nasikia kuna mashindano na wafadhili? Na je mtu ukiwa na kitu kinachokufanya ujione upo, alafu hakikupi hela, ni ujinga kukiendekeza?

Nisaidie Anti.
Msomaji, Mwanza

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, na kuna sehemu kalamu iligoma kabisa kuendelea, nitakuja kukuambia ni wapi.

Kwanza niseme nilivyokuelewa ili kama nimekosea unikosoe. Una mshahara mdogo wa uhakika unaokuja kukunyang'anya asubuhi zako za Jumamosi. Una ofa ya studio ambayo itakufanya ushike kamera wiki nzima ila kwa picha usizozipenda. Na una picha unazozipenda ambazo hazijawahi kukuletea hata mia. Juu ya hapo una mama mwenye hofu, mume mwenye maneno mawili tu, na neno la kijana mmoja wa mwaloni lililokuingia kama mwiba wa sato. Hapo nimekosea?

Naona ndani ya barua umefunga maswali mawili kwenye kanga moja. Moja ni nitakula nini. La pili ni mimi ni nani. La kwanza linajibika kwa daftari na kalkuleta, la pili halijibiki hivyo, na ukiyachanganya ndo unajikuta unamtaka bosi wa shule akujibu wewe ni nani, au unamtaka yule mama wa Igombe alipe kodi ya nyumba yako.

Sasa hizo harusi. Umepiga 5 na umeshatoa hukumu, inawezekana iko sawa, wapo watu ambao kitu wanachokipenda kikishaguswa na advansi kinakufa, nimewaona. Ila ngoja nikuulize, unachokichukia ni harusi yenyewe au ni kukimbizwa na kamati? Maana nilivyokuwa nasoma habari za bega la baba yako nikawaza, kwenye kila ukumbi huko Nyakato na Igoma kuna mzee mmoja kakaa meza ya nyuma kavaa koti la kuazima, anacheka kwa namna yake mwenyewe, na hamna anayempiga kwa sababu kamera zote ziko kwenye keki. Miaka kumi baadae watoto wake watamtafuta kwenye simu zao hawamuoni. We unajua hicho kitu kinauma wapi. Sisemi uingie studio kwa ajili hiyo, nasema tu usiharakishe kudhani kwamba kitu ulichokifuata Igombe hakipo ukumbini.

Mimi nina picha moja tu ya mama yangu akiwa msichana. Kapigwa studio, nyuma kuna pazia limechorwa ndege inapaa, na mkononi kashika mkoba mweusi ambao haukuwa wake, ulikuwa mali ya studio, nusu ya wasichana wa mtaa ule wana picha na mkoba huohuo, hahaha. Aliyempiga alikuwa mtu wa picha za pasipoti, na nadhani alikuwa anawaza hela ya mafuta ya taa siku ile. Lakini kidevu cha mama yangu kilivyonyanyuka mle ndani, hakuna picha nyingine duniani ninayoweza kuibadilisha nayo.

Tena kuna watu wa Mali, pale Bamako, nenda katazame kazi zao. Seydou Keïta alifungua studio yake 1948, watu wanakuja na nguo zao nzuri wanamlipa wapigwe, basi. Malick Sidibé alikuja nyuma yake kidogo, yeye wikiendi usiku anazunguka kwenye madansi ya vijana, akirudi anasafisha picha anaziweka dukani, wiki ikianza vijana wanakuja kujitafuta na kuagiza za kununua. Hiyo si ndo biashara ileile ya huyo rafiki yako? Leo picha zao ziko kwenye makumbusho makubwa, na Sidibé mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice, Italia, mpiga picha wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kupewa ile ya heshima ya maisha yote. Sikuletei hawa ili uanze kuota Venice mwanangu, huyo baba alikuwa na miaka 70 na kitu alipoitwa kupokea. Nawaleta kwa sababu ulipoandika "picha zangu mwenyewe" upande mmoja na "harusi" upande mwingine ulichora ukuta, na wenzio hawa waliishi bila huo ukuta.

Upande wa pili kuna mama mmoja wa Marekani, Vivian Maier. Maisha yake alikuwa yaya, analea watoto wa watu Chicago, na kila akipata nafasi anatoka na kamera shingoni anapiga mitaani. Hakuacha kazi, na kazi haikumuua jicho, aliacha picha zaidi ya laki moja. Kwa hiyo ukiniuliza je mtu anaweza kubaki na mshahara na bado akawa mpiga picha wa kweli, anaweza. Ila mwisho wake unanipa baridi. Filamu nyingi hakuzisafisha kabisa, maboksi yake yaliuzwa mnadani 2007 kwa sababu ya kodi ya stoo ambayo haikulipwa, yakanunuliwa na watu asiowajua, na 2009 akafariki kabla dunia haijamjua. Na wale wa mitaani aliowapiga, karibu wote hawakuwahi kujiona.

Ndo nakuja pale kalamu ilipogoma. Picha elfu 6. Na huyu mama aliyewaambia wenzake muacheni huyu mtoto, kila ukienda anakuuliza picha yake iko wapi, na hujampa hata moja.

Usikasirike. Umeliandika hilo kwa kupita tu, mistari miwili, ukaenda kwenye habari za mkataba. Kisha mbele kidogo ukaandika habari za yule kijana wa "umaskini wetu", na ukasema hukulala. Mi nimezisoma hizo sehemu mbili zikiwa zimekaa pamoja. Je yule kijana angesema vile kama kwenye banda la mizani pale mwaloni kungekuwa na picha zako zimebandikwa, za mama huyu na wenzake, na yeye mwenyewe kabeba karai kichwani kapendeza? Pengine angesema, watu wana midomo. Lakini tofauti ya anayechukua na anayechukua akarudisha, watu wa pwani ya ziwa wanaijua vizuri kuliko mimi na wewe, ndo maana jirani akipita wakati wa kugeuza dagaa anatupiwa kisado cha mboga.

Kusafisha picha moja ndogo hapo mjini ni kama bei ya soda. Kwa hiyo sidhani kinachokuzuia ni hela. Umesema hujachagua iliyo kali zaidi. Nakuuliza kwa upole, ni kali zaidi kwa macho ya nani? Ya watu wa maonyesho ambayo hayajatangazwa? Inawezekana unaogopa kwamba ikishatoka kwenye laptopu na kushikwa na mtu itakuwa picha ya kawaida tu. Au inawezekana niko nje kabisa, we ndo unajua.

Haya, tuje kwenye hela maana mama yako nae ana haki yake.

Studio. Anataka milioni 2 na nusu, una 1.8, hiyo laki 7 inatoka wapi? Hujaniambia. Na hiyo 2 na nusu inakwenda kununua nini hasa, taa, kamera ya pili, printa, au inakwenda kulipa madeni yake ya kodi ya fremu? Mwanangu we ni karani wa fedha! Wapiga picha wangapi wa mjini hapa wanajua kusoma daftari kama wewe? Mwambie kaka huyo akuonyeshe la miezi 12 iliyopita, mwezi kwa mwezi, kama hana daftari hilo nalo ni jibu. Angalia Kwaresima inavyokuwa maana makanisa mengi hayafungishi ndoa, angalia na Ramadhani. Angalia anaodai kama wewe unavyomdai yule wa stetasi (na huyo muandikie kwamba albamu inatoka siku hela inaingia, bila ugomvi). Mkikubaliana, maandishi: kila mmoja kaleta kifaa gani, mkiachana nani anaondoka na nini, na picha utakazopiga Igombe kwa kamera ya studio ni za nani. Hilo la mwisho watu wanalisahau mpaka siku picha inapotakiwa na mtu mwenye hela.

Na kamera yako hiyo ya mtumba usisahau nayo ina umri. Za daraja hilo nyingi hukadiriwa kupiga kama laki moja hivi kabla kile kipazia cha ndani hakijachoka, na harusi moja unaweza kupiga hata 1,500. Ya kwako ilishapiga ngapi kabla hujainunua? Ikifia ukumbini katikati ya viapo, hiyo aibu hairudishwi na samahani. Kwa hiyo ukiona laki 3 ya harusi usiione yote, toa msaidizi, toa bajaji ya kurudi usiku, toa albamu, toa usiku wako miwili mitatu wa kuediti, toa na kidogo cha kamera inayokufa taratibu.

Mkataba wa shule. Sijaona mahali uliposema umejaribu kuongea na bosi kuhusu hizo Jumamosi. Umezichukua kama amri ya mbinguni. Ni Jumamosi zote, hata shule ikiwa imefungwa? Hamuwezi kupokezana na mwenzako, wewe mbili yeye mbili? Muulize kabla hujasaini, ukishasaini mdomo unakuwa mzito. Na wewe umesema mwenyewe siku nzuri za kule ni za giza, giza halifuati Jumamosi, mwezi una hesabu yake. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28, hakuna aliyesema lazima uimalize kwa kulala au kwenda harusi za Shinyanga, zipo wiki za giza unaweza kuzilenga. Hatari yake ni hii, miaka miwili ni mirefu, na jicho likikaa bila kazi linakuwa vivu. Utajikuta unasema wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka kamera inaota ukungu kwenye lenzi kwa hewa hii yetu ya ziwa.

Kujitosa moja kwa moja. Hapa sitakudanganya, pananitia wasiwasi kuliko pengine pote, japo najua ndipo moyo wako ulipo. Mashindano na wafadhili wapo, ila ni wengi wanaoomba na wachache wanaopata, na majibu yanakaa miezi. Ada ya mtoto haisubiri miezi. Mengine yanatoza hela ya kuingia, mengine ukisoma yale maandishi madogo unakuta umewaachia picha wazitumie watakavyo, kwa hiyo usiwe mvivu wa kusoma. Na jambo jingine, magazeti na mashirika yanayonunua picha za uvuvi hawanunui sura peke yake, wanataka kujua huyu ni nani, yuko wapi, ilikuwa lini, amekubali? Kwenye hizo elfu 6 una majina ya wangapi? Zile za Kigongo ndo zinanitia hamu hasa maana pale hapapigiki tena, wale wenye mahindi wametawanyika, na kila mwezi unaopita ni vigumu zaidi kumjua nani ni nani. Hiyo kazi ya kuwatafuta na kuandika majina unaweza kuianza kesho bila kuacha kazi wala kulipa milioni mbili. Haikulishi, nakubali.

Unaweza pia kukuta hakuna kati ya hizo tatu unayoichagua nzima nzima. Kwa mfano ukamwambia kaka wa studio nakuja kama mpiga wa kukodi miezi 6, sileti hela bado, tuone. Au ukasaini mwaka 1 badala ya 2 kama bosi atakubali. Kuna na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri isiyo na riba kwa wanawake na vijana na watu wenye ulemavu, ila inataka kikundi, na kikundi nacho ni ndoa nyingine.

Nimebakiza mumeo. Umeandika kwamba "amua wewe" inakuuma. Mi nimekutana na mtu mwingine kwenye barua yako, mwanaume anayekutazama ukiingia mlangoni saa tatu asubuhi na kuona umetoka kanisani. Mtu asiyejali haoni hivyo. Na huyu ni fundi, swali lako la harusi na Igombe yeye analo mkononi kila siku. Kaa nae kibandani siku hana oda, muulize, ukipiga kitanda cha mteja na ukipiga kile kiti ulichokitengeneza kwa kupenda tu, mkono unakuwa tofauti? Na vile vitanda vinamchosha au vinamlipia kile kiti? Usimuulize habari za mkataba siku hiyo. Na mama yako anayesema picha hazipikwi, ile ya kitambulisho mbona hajaishusha ukutani? Na yeye je umeshampiga? Kwenye barua nzima sijamuona.

Hilo la ujinga, kukiendekeza kitu kisichokupa hela, mi siwezi kukujibu nikiwa nimekaa hapa. Nachojua ulienda Igombe ukiwa unamtafuta mtu aliyeshaondoka, na pale ukakuta watu ambao bado wapo.

Mwezi wa 12 haujafika. Jumamosi hii ukienda, chagua picha tano za yule mama, usitafute iliyo kali, tano tu, zisafishe, mpe zote mkononi umwambie achague mwenyewe ya kwake. Alafu niandikie aliichukua ipi. Nina wasiwasi haitakuwa ile unayoidhania.